Jinsi ya Kuwapasha Vifaranga Joto Shianda Bila Kuwachoma, Kuwakausha Wala Kuwazika

Boksi la vifaranga wa siku moja huwa na matundu kila upande na vyumba vinne ndani, vifaranga 25 katika kila chumba. Likishushwa kutoka kwenye bodaboda hapa Shianda, soko zima linajua limefika, kwa kelele za vifaranga. Kelele hizo ni malalamiko rasmi. Kila mlalamikaji ana uzito wa gramu 40 hivi, amevaa manyoya laini yasiyoweza kuzuia baridi ya usiku mmoja, na dai lake ni moja tu: joto. Mwongozo huu ni wa wewe uliyelipia boksi hilo, ambaye sasa unalitazama ukijiuliza utaliweka wapi.

Jibu la swali hilo lilitakiwa jana. Hatua ya kwanza ya kuwapasha vifaranga joto hufanyika kabla hawajafika. Chumba kisafishwe, maranda yamwagwe sakafuni, moto au taa iwashwe saa kadhaa kabla, hadi sakafu yenyewe iwe na uvuguvugu. Watu huwasha taa vifaranga wakiwa tayari wamesimama kwenye saruji baridi. Hewa ya juu hupata joto upesi, lakini saruji huchelewa, na kifaranga hakai hewani. Anakaa sakafuni kwa miguu myembamba isiyo na unyoya hata mmoja. Mshike, mguse miguu yake kwa shavu lako. Ikiwa ni baridi, basi na yeye ana baridi, hata kama wewe unatokwa jasho.

Nitaeleza kwa nini nalishikilia jambo hili. Kifaranga hutoka kwenye yai akiwa amebeba akiba ya kiini tumboni, na akiba hiyo inaweza kumlisha siku mbili hivi. Ndiyo maana anaweza kusafiri kutoka Naivasha au Nairobi hadi magharibi bila kula. Lakini hakubeba akiba ya joto. Kuku mkubwa mwili wake una nyuzijoto 41 hivi, na manyoya yake huzilinda. Kifaranga hana manyoya hayo, wala mwili wake haujajifunza kujipasha joto, na kujifunza huko huchukua wiki mbili au zaidi. Katika wiki ya kwanza anataka nyuzijoto 33 hadi 35 pale alipo. Shianda iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linaweza kutupa nyuzijoto 28 tukavua masweta. Alfajiri zinashuka hadi 15 au chini yake, hasa baada ya ile mvua yetu ya jioni inayokuja na radi. Kwa hiyo usiku unadaiwa na kifaranga nyuzijoto kama 20. Nani atalipa?

Mlipaji wa kwanza, na ninampendekeza kwa moyo wote, ni mama kuku. Kabla hujaenda mjini kutafuta kifaa, tazama nyuma ya jiko la nyumbani. Kama yuko kuku wa kienyeji anayeatamia, unayo mashine ya joto isiyotumia stima wala makaa, inayojua kuwaita watoto mvua ikija na kumfukuza mwewe. Uzuri wake mkubwa zaidi ni kwamba haichomi. Kifaranga akipata joto la kutosha anatoka chini ya bawa mwenyewe, akisikia baridi anarudi. Ukitaka kuku huyo awalee vifaranga ulionunua, waweke chini yake usiku, akiwa amelala, siku zile zile ambazo mayai yake yanaanguliwa. Asubuhi ataamka na kuwakuta ni wake. Ukimletea mchana kweupe baada ya wiki moja, atawadonoa. Na usimtwike 100. Kuku mmoja hufunika 10 hadi 15 vizuri. Msimu wa mvua kubwa mpunguzie.

Hasara yake ni moja: kuku anayelea hatagi, na kwa mwenye kuuza mayai hilo ni hesabu nzito. Ila kwa mwenye vifaranga 12 wa kienyeji na kuku aliyejitolea, sioni sababu ya kununua balbu.

Mlipaji wa pili ni boksi lisilo na moto. Nchini Kenya maafisa wa kilimo wamelifundisha miaka mingi, na bado wengi wanalichukulia kuwa kitu cha watu wasio na uwezo. Mimi nalichukulia kuwa kitu cha watu wenye akili. Unatengeneza boksi la mbao au unatumia kikapu kikubwa. Ndani yake unaweka chumba kidogo cha kulala, na nafasi iliyobaki kati ya chumba hicho na kuta unaishindilia nyasi kavu. Juu unafunika kwa gunia lililojazwa nyasi au blanketi kuukuu, ukiacha matundu ya hewa. Vifaranga 25 au 30 wakiingia humo usiku, joto la miili yao linabaki nao badala ya kupotelea kwenye mabati. Mchana wanatoka kula na kunywa uwanjani mwao, jioni unawarudisha. Siku mbili tatu za mwanzo unawarudisha mwenyewe kwa mkono, baadaye wanakwenda wenyewe. Usiku wa mvua kali, weka pembeni jerikeni dogo la maji ya moto lililofungwa kwa gunia. Boksi hili lina masharti mawili: nyasi zisiwe na unyevu, kwa sababu ukungu huharibu mapafu, na matundu ya hewa yasizibwe na mtu mwenye huruma nyingi.

Huruma nyingi ndiyo inayoua vifaranga wengi, kwa hiyo niiseme mapema. Mtu anaona kifaranga mdogo, anaziba kila upenyo wa chumba, anashusha taa hadi karibu na sakafu, anaongeza jiko, kisha anakwenda kulala akiwa ametosheka kwamba amewapenda. Asubuhi anakuta waliokauka. Kifaranga aliyezidiwa na joto hupoteza maji, huacha kula, na anayepona hudumaa. Joto zuri ni lile linaloweza kukimbiwa. Chanzo chake kiwe mahali pamoja, katikati au upande mmoja, na pabaki mahali pengine penye ubaridi kidogo, penye chakula na maji. Kifaranga apewe haki ya kuondoka.

Wafugaji wa vyura wanalijua hili kuliko sisi wa kuku. Wako watu duniani wanaofuga chura nyumbani ndani ya tangi la kioo, na swali lao la kwanza ni kama letu: nimpashe joto kwa kitu gani kisichomuua? Chura hana moto wake mwilini kabisa, anachukua joto la mahali alipo. Ukilipasha tangi zima hana pa kukimbilia. Basi mfugaji makini hupasha upande mmoja tu na kuuacha wa pili na ubaridi wake. Vyura wa Shianda wanaoimba mtaroni baada ya mvua hawahitaji heater ya mtu, hali ya hewa ya hapa ndiyo yao, na waachwe huko huko. Lakini kuna vyura wa Afrika Mashariki walionusurika kwa sababu ya matangi. Wale wadogo wa Korongo la Kihansi, Tanzania, waliishi kwa manyunyu ya maporomoko hadi maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 2000 walichukuliwa 499 wakapelekwa Marekani. Walilelewa ndani ya vioo katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, huku walezi wakijifunza kwa taabu kuwatengenezea unyevu, mwanga na joto ambavyo korongo lilikuwa likivitoa bure. Wengi walikufa kabla walezi hawajapatia. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini. Mwaka 2010 walirudishwa 100 hadi Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni kwao. Mwenye kulea kiumbe ndani ya boksi amechukua kazi ya mama yake na ya nchi yake kwa pamoja. Kazi hiyo si ndogo, awe ni chura adimu au kifaranga wa shilingi mia na kitu.

Turudi kwenye boksi letu. Mlipaji wa tatu ni stima.

Hapa kuna kosa moja ambalo limeenea hadi linaumiza. Mtu ananing'iniza balbu nyeupe ya kisasa, ile ya kuokoa umeme, juu ya vifaranga. Chumba kinang'aa na vifaranga wanaganda. Balbu hizo zilitengenezwa makusudi zisipoteze nguvu kwa joto, na wewe joto ndilo unalolitaka. Taa za sola ni hivyo hivyo. Inayofaa ni balbu ya zamani yenye waya unaowaka ndani, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake huwa joto, au balbu nyekundu ya kulelea vifaranga inayopatikana kwenye agroveti, ambayo mara nyingi ni ya wati 250. Hiyo nyekundu ina faida nyingine: vifaranga hutulia na kudonoana hupungua. Ila hesabu tokeni zako kabla hujaiwasha. Wati 250 kwa saa 24 ni units 6. Kwa wiki ni units 42. Jua la Shianda likitoka, saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, unaweza kuizima mara nyingi, lakini baada ya kuwatazama vifaranga, si baada ya kutazama simu.

Kama una uwezo wa kuchagua, weka balbu mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikiungua saa nane usiku, nyingine itashika zamu. Zitundike kwa mnyororo au waya wa chuma uliofungwa kwenye boriti. Usiziache zishikiliwe na waya wa umeme wenyewe. Waya wa umeme haukutengenezwa kubeba mzigo, na taa ya moto ikianguka kwenye maranda makavu, utakachopoteza si vifaranga peke yao. Anza na urefu wa sentimita 45 hadi 60 kutoka sakafuni, kisha ipandishe kila wiki. Chombo cha maji kisiwe chini yake, kwa sababu tone la maji hupasua kioo chenye moto.

Halafu stima itapotea. Itapotea siku ya radi, na radi zetu tunazijua. Kwa hiyo mwenye balbu lazima awe na mpango wa pili uliokwisha kuandaliwa, uliopo ndani ya chumba: jerikeni mbili za lita tano na magunia ya kuzifunga, au lile boksi la nyasi nililokusifia. Maji yachemshwe, yafungwe vizuri, jerikeni zilazwe katikati, vifaranga wataziegemea. Ukingoja giza liingie ndipo utafute gunia, utalipata asubuhi.

Mlipaji wa nne ni jiko la makaa. Ninajua ndilo linalotumika zaidi, na ninajua kwa nini: makaa yapo na stima haipo. Kwa hiyo sitakuambia uache, nitakuambia namna. Jiko liwashwe nje. Libaki nje hadi makaa yote yawe mekundu na moshi uishe, ndipo liingie. Liinuliwe juu ya matofali, lizungushiwe wavu wa waya ili kifaranga asiingie motoni. Juu ya makaa nyunyiza majivu, yatawaka taratibu na kudumu. Ukiwa na majiko mawili, moja likiwa ndani lingine linakolea nje, na joto halikatiki wakati wa kubadilisha.

Sasa nisikilize vizuri zaidi kuliko kote huko nyuma. Kuisha kwa moshi hakuna maana kwamba hatari imeisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa gesi hiyo huua. Huua kifaranga kwanza, na mtu baadaye kidogo. Chumba chenye jiko lazima kiwe na upenyo wa juu, chini ya mabati, pande mbili zinazoelekeana, usiofungwa usiku hata mvua inyeshe. Na mtu asilale humo. Usilale humo kwa kulinda vifaranga dhidi ya wezi. Usilaze watoto humo eti kwa sababu kuna joto. Ikiwa nyumba ni ya chumba kimoja, basi jiko halifai kabisa, na boksi la nyasi ndilo lako. Hata vifaranga 100 wakifa, pesa hutafutwa tena.

Koroboi usiitumie. Masizi yake, mwali wake ulio wazi na maranda ni mambo yasiyokaa chumba kimoja. Taa ya chemli yenye kioo kizima inaweza kusaidia vifaranga wachache kwa usiku mmoja wa dharura, ikiwa imezungushiwa wavu na hewa inapita.

Umechagua chanzo. Sasa utajuaje kama joto linatosha? Nunua kipimajoto ukiweza, kisha ukiweke sawa na mgongo wa kifaranga, siyo ukutani usawa wa macho yako. Lakini hata bila kipimajoto hujakosa kitu. Wamisri wa kale waliangua mayai kwa maelfu katika matanuri, na wahudumu wao walipima joto la yai kwa kuligusisha kwenye ukope wa jicho. Wewe una njia rahisi zaidi: vifaranga 100 wanaokuonyesha jibu kwa pamoja, saa yoyote utakayofungua mlango.

Ingia taratibu, simama, usiseme. Kama wamerundikana chini ya taa, mmoja juu ya mwenzake, wanalia kwa sauti kali ya juu, wana baridi. Shusha taa au ongeza moto, tena upesi, kwa sababu walio chini ya rundo wanakosa hewa. Kama wamekimbilia ukingoni, midomo wazi, mabawa yameachwa mbali na mwili, wanahema, wamezidiwa na joto. Kama wote wamejikusanya upande mmoja, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Chuchumaa, weka mkono usawa wao, utausikia, kisha uzibe tundu hilo moja bila kugusa yale ya juu. Kama wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala wamenyoosha shingo kama wamekufa, na sauti ni ya chini ya mazungumzo, toka ufunge mlango. Huyo aliyenyoosha shingo amelala raha, usimwamshe kuhakikisha.

Rundo hutokea zaidi kwenye pembe za chumba, kwa hiyo pembe ziondolewe. Zungusha katoni ngumu au bati jembamba, lenye kimo cha sentimita 45 hivi, liwe duara. Duara halina kona ya kubanana. Lipanue kila siku chache kadiri wanavyokua. Chini tumia maranda au maganda ya mchele, usitumie vumbi laini la msumeno, maana watalidonoa wakidhani ni chakula na tumbo litaziba. Siku mbili za mwanzo tandika magazeti juu yake.

Ukaguzi unaotoa jibu la kweli ni wa kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Jioni kila bruda, yaani chumba cha kulelea vifaranga, ina joto, kwa sababu mchana ulikuwa na joto. Mfugaji anayekagua saa tatu usiku akalala amekagua mchana uliopita. Weka kengele ya simu. Nyumba yenye watu wawili wapeane zamu, na anayeamka asichukue neno la aliyelala.

Kila wiki punguza nyuzijoto mbili au tatu. Wiki ya pili 31 hivi, ya tatu 28, ya nne 25. Usifuate kalenda kichwakichwa. Vifaranga walioboreshwa wa KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, na wale wa kienyeji hasa hawaoti manyoya siku moja, na wiki ya nne ya Januari yenye jua si wiki ya nne ya mwezi wa Mei wakati mvua imegoma kuondoka. Tazama mgongo na mabega. Manyoya laini yakibadilika yote kuwa manyoya halisi, wanaweza kuanza kulala bila moto. Ukiona kinyesi kinanata nyuma ya kifaranga, kwanza chunguza joto, kisha maji, kabla ya kukimbilia dawa ya poda iliyo rafuni. Lakini kinyesi chenye damu hakingoji uchunguzi: mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Na ratiba ya chanjo isisogezwe mbele kwa sababu vifaranga wanaonekana wazima, maana ugonjwa wa Newcastle ukiingia kijijini hauulizi nani alipasha joto vizuri.

Kukatisha joto nako kuna adabu yake. Zima mchana kwanza, siku tatu nne. Halafu zima usiku mmoja usio na mvua, ukiacha taa ining'inie pale pale au makaa yakiwa tayari nje. Amka saa kumi. Wakiwa wametawanyika, rudia usiku wa pili na wa tatu. Wakiwa wamerundikana, washa tena na ungoje siku nne nyingine, bila kuona kwamba umepoteza kitu. Wakipita usiku wa mvua bila kurundikana, shusha balbu, ifute vumbi, hifadhi mnyororo wake pamoja nayo, na uwatandikie vijiti vya kulalia vya urefu wa chini, sentimita 20 au 30 kutoka sakafuni, ili waanze kujifunza kupanda.

Maranda ya bruda yakichanganywa na kinyesi cha wiki hizo zote ni mbolea kali. Yarundike yaoze kwanza wiki kadhaa, ndipo yaende kwenye sukuma wiki au mashina ya ndizi. Yakiingia shambani mabichi yataunguza mizizi.